Nimepewa kanda iliyoandikwa "Joy Division, High Hall, 2/5/80". Naombeni ushauri kabla sijaicheza

Mpangaji wa Selly Oak
Wakuu, habari za jioni. Niko Birmingham, nimepanga chumba kwa mzee mmoja aliyefariki mwezi uliopita. Binti yake alipokuja kuondoa vitu alinikabidhi boksi la kaseti, akasema zisizonifaa nitupe. Nyingi ni za jazi. Moja ni ya dakika 90, imeandikwa kwa mkono maneno hayo hapo juu. Marehemu alisoma chuo kikuu hapa hapa miaka hiyo.

Nimegugo: Joy Division ni bendi ya roki ya Uingereza, High Hall ni bweni la chuo hicho, na hilo ndilo onyesho lao la mwisho kabisa. Siku 16 baadaye mwimbaji wao, Ian Curtis, alijiua, akiwa na miaka 23. Duka moja la sahani za santuri limeniambia niilete "hata leo, bei tutaelewana". Hiyo "hata leo" ndiyo iliyonishtua. Nifanyeje? Redio kaseti ninayo, ya mtumba, ila wiki jana ilikula kanda ya taarabu ya mama.

Fundi Mstaafu
Hiyo redio iweke mbali kabisa! Kwanza angalia mgongoni mwa kaseti: vile vijimeno viwili vya plastiki vimevunjwa? Kama vipo, yeyote angeweza kurekodi juu yake. Pili, chungulia mdomoni, kuna kisponji kidogo kwenye kibati. Gundi yake huchoka, kikidondoka sauti inafifia. Chukua peni ya Bic, zungusha taratibu hadi mwisho kisha urudishe. Azima deki nzuri, futa hedi na rola kwa spiriti, na uingize kwenye kompyuta mara hiyo hiyo ya kwanza. Hifadhi kama WAV, isiyobana sauti, siyo MP3.

Dada wa Besi
Mkuu, usianze kupiga hesabu ya kiwanja. Onyesho hilo lilishatoka kwenye albamu yao ya Still, ya lebo ya Factory Records, 1981. Watu walinakili sahani kwenye kaseti na kuandika tarehe ya onyesho, basi. Ukisikia mikwaruzo ya sindano, pole.

Kipimo ni "Ceremony", wimbo wa kufungulia. Joy Division waliupiga jukwaani usiku huo tu. Kwenye Still sauti ya Ian iko chini mno, maneno huyapati vizuri. Wenzake walipoutoa kwa jina jipya la bendi, New Order, mwaka 1981, ilibidi mengine wayakisie kutoka kwenye kanda hafifu. Sasa kama kwenye yako kuna mtu anakohoa karibu na maikrofoni na wanafunzi wanapiga soga juu ya besi ya Peter Hook, mpiga besi wao, hapo tuongee.

Kobe
Uza. Kamisheni yangu usisahau.

Shangazi wa Leicester
Mwanangu, huyo binti alijua kilichomo bokisini? Mpigie. Na kumiliki kaseti si kumiliki muziki, usije ukaimwaga mtandaoni ukaanza kupokea barua za mawakili.

Fundi Mstaafu
Shangazi, kupewa ni kupewa.

Shangazi wa Leicester
Alipewa takataka achambue. Siyo urithi.

Mpangaji wa Selly Oak
MREJESHO. Nilimpigia. Alicheka sana, kumbe baba yake alikuwa akianza habari za usiku ule chakula kinapoa mezani. Jana alikuja, tukasikiliza kwa deki ya kuazima.

Fundi, vijimeno vilikuwepo. Upande A wote, dakika 45, ni matangazo ya kriketi redioni. "Ceremony" yangu imezikwa humo.

Nilitaka kuzima, yeye akageuza kaseti. Upande B unaanza katikati ya wimbo wao "Decades", kinanda kinavuma kama kiko chumba cha pili. Kisha "Digital", wimbo wa kufungia, ngoma kavu, Ian anarudia maneno yale yale kama anaimbia ndani ya pipa. Kabla haujaisha, kijana aliye karibu kabisa na maikrofoni anauliza kama bado inarekodi. Binti akasimamisha, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Mara nne. Wimbo wenyewe hakuujali.

Kanda ameondoka nayo. Mimi nimebaki na faili. Dukani sijarudi.

Dada wa Besi
Sindano hukuisikia hata kidogo?

Mpangaji wa Selly Oak
Hata kidogo. Kukohoa tu.

Kobe
Na kriketi alishinda nani?