UZI: "Injinia" wa kamera za gari hapa Kisumu ameweka KIJITI CHA MENO kwenye boksi langu la fyuzi

Rangi_ya_Maji (mwenye uzi)

Simtaji jina na hakuna haja. Kila mwenye gari kutoka Nyamasaria hadi Kisian anamjua. Yule wa kofia, anayejiita Injinia, anayepokea simu tatu akiwa kichwa chini miguu juu ndani ya gari ya mtu.

Kamera inazima kila tuta. Nimefungua kifuniko cha fyuzi dakika hii, pale karibu na goti la dereva, na nimekuta KIJITI CHA MENO. Waya mwekundu umechunwa kwa meno (alama zinaonekana), ukasokotwa, ukasukumwa kwenye tundu pamoja na mguu wa fyuzi, halafu ukakazwa kwa kijiti cha meno. Kile cha hoteli ya samaki. Fielder yangu inatoka Kisumu kwenda Busia ikitegemea kijiti cha kutolea miiba ya ngege!

Tapu ya fyuzi, ile ya kuchukulia umeme kwenye boksi la fyuzi bila kuchuna waya, ni kiplastiki kidogo tu. Unachomoa fyuzi ya asili, unaiweka kwenye nafasi ya kwanza ya tapu, nafasi ya pili unaweka fyuzi ya ampea 2 au 3 ya kamera, unarudisha yote kwenye tundu lile lile. Basi! Kamera ya kawaida haili hata ampea moja upande wa volti 12. Sasa huo waya wa Injinia hauna fyuzi yake. Kama ameushika upande wa umeme unapoingia, ukichubuka kwenye chuma, fyuzi ni waya wenyewe. Na kwa kuwa umeshika kwa ncha tu, gari ikitikisika unaachia, unashika, unaachia, na hapo ndipo joto linapozaliwa. Tundu linapanuka, plastiki inalainika, mwisho hata fyuzi halali inacheza ndani kama jino bovu.

Na tundu alilochagua ni la METER, la saa za dashibodi! La CIG, la soketi ya sigara, liko hapo jirani, limechorwa kwenye kifuniko, mtoto wa darasa la pili angelisoma. Athi, ule waya wa kurudisha umeme kwenye mwili wa gari, ameifunga kwenye bolti iliyopakwa rangi, hakukwangua hata kidogo. Waya wa kwenda kwenye kamera ameupitisha MBELE ya eabegi ya nguzo, na kifuniko cha nguzo kimeandikwa SRS AIRBAG. Hiyo eabegi ikifumuka inafyatua waya usoni kwa abiria. Waya unapita NYUMA yake, unafungwa na waya za gari zilizoko tayari kwa zipu za plastiki, na ukiona waya au soketi ya njano huigusi.

Nilipomuuliza mbona hapimi kwa mita, jibu lake: "Boss, wewe ni fundi ama ni mteja?"

Mimi ni mteja, bwana. Mteja aliyelipa elfu tatu. Kwa KIJITI. CHA. MENO.

Omena_Kavu

Swali la kiufundi kabla hatujaendelea: kijiti kilikuwa kipya ama kilishatumika?

Rangi_ya_Maji

Ncha moja imevunjika. Sitaki kufikiria zaidi.

Mjukuu_wa_Maseno

Omera, shukuru hakutumia cha kiberiti, kingekuja na moto wake 😂😂

Section58

Nyinyi wa Kisumu mnalia na kijiti, sisi Nakuru tuna pacha wake. Huyu wetu anachukua waya mwekundu na wa njano, anazisokota pamoja na kuzipeleka kwenye moto wa kudumu, yaani umeme usiokatika hata ukizima gari. Asubuhi gari haiwaki, anakwambia betri imezeeka. Kile kiboksi cha kushusha volti za gari ziifae kamera kina waya tatu kwa sababu kazi ni tatu: njano ni moto usiokatika, nyekundu ni ACC (umeme unaokuja ukigeuza ufunguo tu), nyeusi ni athi. Nyekundu ndiyo inaiambia kamera kwamba gari imezimwa, iingie modi ya kuegesha, ya kulinda gari ikiwa imesimama. Ukiziunganisha, kamera inarekodi usiku kucha ikidhani uko Salgaa.

Kupima ni rahisi. Mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye chuma tupu. Tundu la ACC lisome sifuri ufunguo ukiwa umetolewa, na kama volti 12 ukigeuza hatua ya kwanza. La njano lisome 12 saa zote. Injini ikinguruma utaona 13.8 hadi 14.4. Tapu ikishakaa, chomoa ile fyuzi ya asili peke yake: kamera ikibaki hai, umeiweka sawa. Ikizima, tapu imegeuka, mzigo wa kamera unapita kwenye fyuzi zote mbili. Igeuze.

Rangi_ya_Maji

Asante Section58, lakini tusikimbie mada. Kijiti.

Mzee_wa_Premio

Vijana, kwa modi ya kuegesha tizameni pia kiwango cha kukata, zile volti ambazo betri ikishuka hapo kiboksi kinazima kamera. Viboksi vingi vina 11.6, 11.8, 12.0, vingine 12.4. Mafundi wanaacha 11.6 kwa sababu ndivyo kilivyotoka kwenye pakiti. Betri iliyotulia ikisoma 11.6 imekwisha, stata haizunguki. Weka 12.0, na kama betri ni ya zamani weka 12.4. Kamera inayokula ampea 0.3 kwa saa 12 inamaliza ampea-saa 3.6, betri nzima ya ampea-saa 45 haitikisiki, lakini ile yenu ya kusukumwa kila asubuhi itawaaibisha.

Mteja_Halali (amejiunga leo)

Huyo fundi ni mzuri sana na bei yake ni nafuu. Watu waache kuharibiana kazi. Mbao haipitishi umeme kwa hivyo kijiti ni salama kuliko hata tapu.

Omena_Kavu

Injinia, karibu jukwaani. Vua kofia tukuone.

Fundi_Redio_Mstaafu

Mteja Halali, hakuna aliyesema umeme unapita kwenye mbao. Shida ni kukaza. Mbao ikipata joto la dashibodi inakauka, inasinyaa, waya unalegea. Ndiyo maana inazima kwenye tuta na si kwenye lami nzuri. Mwenye uzi, ukitoa hicho kitu, mulika kwa tochi ndani ya tundu. Ukiona rangi ya kahawia au midomo ya chuma imefunguka, hilo tundu usilitumie tena hadi terminali ibadilishwe.

Rangi_ya_Maji

Mmoja amenielewa. MMOJA.

Mama_Probox

Wewe una bahati, kamera yako inazima ukiona. Yangu inawasha taa, inazunguka vizuri, kumbe hairekodi kitu. Niliuziwa kadi ya memori "128GB" na yule wa kioski, mnamjua, anayekataa kutoa risiti. Kadi za hivyo ni GB 8 zilizobadilishwa ndani zidanganye. Zikijaa zinaendelea kupokea, faili zinaonekana majina yapo, ukifungua hazifunguki. Hesabu ni hii: video ya 1080p kwa megabiti 15 kwa sekunde inakula kama MB 110 kila dakika. Kadi halali ya 64GB ikae zaidi ya saa 9 kabla ya kuanza kufuta za zamani. Ukikuta video zinazofunguka ni za saa moja na kidogo tu, umeshaibiwa. Kabla hujalipa, iweke kwenye kompyuta, ijaze yote kwa programu ya H2testw halafu isome tena. Muuzaji akikasirika, jibu unalo.

Dereva_Chavakali

Mama, huenda kadi ni nzima, ni sensa ya mtikisiko. Ikiwa juu kabisa, kila tuta la Chavakali hadi Kakamega kamera inadhani ni ajali, inafunga faili isifutwe. Faili zilizofungwa zinajaa, kamera inaandika kadi imejaa na kulala. Shusha sensa hadi ya chini, au izime kabisa ukiwa barabara ya murram. Halafu fomati kadi ndani ya kamera yenyewe, si kwenye simu, kila wiki mbili hadi nne.

Mama_Probox

Nimesema ni kadi.

Dereva_Chavakali

Na mimi nimesema ni sensa.

Mama_Probox

Ndugu yangu, sensa inafunga faili, haifanyi faili ikatae kufunguka.

Dereva_Chavakali

Hapo sawa. Lakini sensa ishushe bado.

Mzee_wa_Premio

Na tarehe je? Kamera nusu ya mji huu zinaonyesha 1 Januari 2018. Siku ya ajali wakili wa upande wa pili atacheka hadi alie. Ushahidi wa kielektroniki mahakamani unataka cheti cha kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi, sasa ukienda na video ya mwaka ambao gari ilikuwa bado Japani utaeleza nini? Weka GMT+3. Ikiwa inarudi nyuma kila ukizima gari, kibetri cha ndani kimekufa. Kwa joto letu la ziwani nunueni yenye kapasita badala ya kibetri. Ile ya betri ya lithiamu inavimba ikiachwa juani nyuma ya kioo.

Omena_Kavu

Mzee, na hicho cheti cha 106B kitasema kamera ilikuwa imeshikiliwa na nini?

Rangi_ya_Maji

ASANTE. Turudi hapo. Elfu tatu. Kijiti.

Mjukuu_wa_Maseno

Mimi yangu inaanguka kila saa nane mchana. Inakuja chini kutoka kwenye kioo kama embe. Gundi mbaya?

Fundi_Redio_Mstaafu

Gundi huwa sawa, kioo ndicho kichafu. Toa ule mkanda wote, pangusa kwa spiriti, kikauke, weka mkanda mpya wa pande mbili wa kustahimili joto, bonyeza nusu dakika, kisha usitundike kamera hadi kesho yake. Iweke nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, chini ya ule ukanda mweusi wa tinti, mahali wipa inafika. Watu wanaiweka kwenye kona ambayo wipa haigusi, mvua ya Kisumu ikija wanarekodi matone.

Nyota_ya_Kakamega

Samahani niko nje ya mada. Redio yangu inakwaruza tangu kamera iwekwe. Saa ya ohangla nasikia shhhh tu.

Section58

Chomoa kamera ukiwa kwenye kituo hicho hicho. Makelele yakiisha, ni ile chaja ya bei rahisi ya soketi ya sigara. Badilisha chaja, sogeza waya wa kamera mbali na waya wa antena, na ubane ringi ya feraiti, ile ya kumeza makelele ya umeme, kwenye waya karibu na kamera.

Nyota_ya_Kakamega

Imekubali! Sasa kuna sauti ya mwanamke anaongea Kijapani kila nikiwasha gari. Hiyo si kamera?

Mzee_wa_Premio

Hiyo ni ETC, mashine ya kulipia barabara za Japani. Anakulaumu hujaweka kadi. Tafuta kiboksi chini ya usukani au ndani ya droo ya dashibodi, chomoa soketi yake ya nyuma, funga ncha kwa tepu ya umeme. Ikiwa ililishwa kwa tapu, toa tapu na urudishe fyuzi ya asili.

Nyota_ya_Kakamega

Amenyamaza. Mbarikiwe. Na mbona redio inaishia 90?

Fundi_Redio_Mstaafu

Ni ya Japani, inashika 76 hadi 90. Nunua ekspanda, kiboksi cha kushusha masafa ya vituo, iweke kati ya antena na redio, nyekundu kwenye ACC, nyeusi athi. Ya MHz 12 inaleta kituo cha 98 kwenye 86.

Dereva_Chavakali

Usinunue! Walinidanganya na hiyo ya 12. Changu kiko 105 na hakiji hata nikipanda mlima.

Fundi_Redio_Mstaafu

105 kutoa 12 ni 93, nje ya redio yako. Chukua ya MHz 20, kitakaa kwenye 85. Ila vyote vya chini ya 96 utavipoteza.

Dereva_Chavakali

Cha mke wangu kiko 92.