Gereji imeniharibia bodi ya alumini niliyoing'arisha kwa mkono miezi mitatu, na bado wananidai hela ya klia

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nimekaa juu ya ndoo mbele ya gari langu hapa Kigamboni. Mama watoto kanikataza kuandika nikiwa na hasira. Nimemsikia, na ninaandika hivyo hivyo.

Kwa mnaonijua humu, hili ndilo lile gari ninalolitengeneza nyumbani mwaka wa nne sasa. Viti viwili, halina paa, umbo la zile Lotus Seven ambazo Colin Chapman alianza kuzitoa 1957 na watu wakawa wananunua vipande vyake na kujiungia wenyewe uani. Fremu nimechomelea kwa skwea paipu. Injini na giaboksi nimetoa kwenye Toyota Altezza iliyogongwa nyuma. Bodi ni shiti za alumini za milimita 1.2, nimekata mwenyewe kwa mkasi wa bati, mikunjo mikubwa nikakunjiwa na mafundi wa mtaa wa Gerezani. Habari za usajili msiniulize, huo ni uzi mwingine na una machozi yake.

Bodi sikuipaka rangi. Ndiyo raha yenyewe ya gari la namna hii, metali inaonekana kama ilivyo. Ila alumini ikitoka dukani ina mikwaruzo na ukungu wake, kwa hiyo nikaingia kazini. Naeleza kidogo ili mjue ninalia nini.

Msasa wa maji namba 400 kwanza, unapiga upande mmoja tu, usizungushe. Kisha 600, unageuza mwelekeo, unapiga hadi mistari ya 400 yote iondoke. Ukibakiza mstari mmoja wa 400 utakuja kuuona mwishoni umekutolea meno. Kisha 800, 1000, 1500, 2000. Kila namba unaosha, unabadilisha maji, kwa sababu punje moja ya namba ya chini ikibaki kwenye kitambaa imekurudisha nyuma siku mbili. Halafu gurudumu la pamba na kompaundi kwa spidi ndogo, maana alumini ni laini na ikipata joto inajichanachana na kunata. Mwisho polishi ya chuma kwa fulana kuukuu. Unafuta weusi, unafuta weusi, unafuta weusi. Kuna jioni nilikuwa nakula ugali kwa kijiko kwa sababu vidole vilikuwa havishikani.

Boneti, mbavu mbili, mgongo wa nyuma. Madigadi niliyaacha, yale ni ya faiba. Miezi mitatu, kila nikitoka kazini. Ilipokamilika ulikuwa unaweza kusoma namba ya bodaboda inayopita barabarani kwenye ubavu wa gari, imegeuka nyuma mbele.

Tatizo la alumini tupu katika mji wetu mnalijua wenye madirisha. Huku upepo unatoka baharini na chumvi yake. Alumini yenyewe haishiki kutu nyekundu kama chuma. Ikiguswa na hewa tu hujivika ngozi nyembamba ya oksaidi, na hiyo ngozi ndiyo kinga yake. Ila chumvi huitoboa. Kila baada ya wiki tatu gari lilikuwa linaanza kufifia, kama jicho linaloingia mtoto wa jicho. Narudi na fulana, napiga polishi, napaka nta. Nikachoka. Kosa langu linaanzia hapo, nalikubali.

Februari nikalipeleka gereji moja ya mjini. Sitaitaja, msinifuate inbox. Mwenye gereji ni mtu mzima, anaheshimika, kuta zake zimejaa picha za magari ya wakubwa. Nikamweleza: mzee wangu, hii ni alumini tupu, sitaki ikwanguliwe, sitaki rangi, nataka uniambie kama kuna kinga ya kudumu kuliko nta. Kama hakuna, niambie hakuna, naondoka nayo.

Akacheka. "Mdogo wangu, mimi nimenyoosha Landrova tangu wewe hujazaliwa. Alumini unanifundisha mimi? Niachie, utakuja kunyolea ndevu hapa."

Nikaamini, na nina sababu ya kuamini. Landrova tangu zilipotoka 1948 bodi yake ni aloi ya alumini, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, kwa sababu baada ya vita Uingereza chuma kilikuwa cha mgao. Aliyezinyoosha miaka thelathini unategemea anaijua. Nilichosahau ni kwamba Landrova ina rangi. Alichokuwa anakijua mzee ni kugonga, puti na kupuliza.

Tukakubaliana 430,000. Nikatoa 350,000 nikaenda zangu Morogoro kikazi siku nne. Kurudi nimelikuta ndani ya banda, saa moja jioni, chini ya taa, linameta kama samaki aliyetoka majini. Wamepiga klia, ile vanishi angavu inayopulizwa juu ya rangi ya gari. Nikauliza mbona klia, nikaambiwa ndiyo kinga yenyewe. Nikaondoka nalo.

Asubuhi jua lilipopiga nikadhani nimebadilishiwa gari. Chini ya klia kuna mawingu ya kijivu. Michirizi imeshuka mbavuni kama machozi ya mtoto. Kwenye boneti kuna miduara ya grainda, miduara kabisa, unaweza kuhesabu aliposimama na aliposogea. Nikapiga simu. "Klia haijakomaa bosi, ikikaa itatulia."

Masika ikaanza. Ndani ya wiki chache za mvua klia ikaanza kuinuka kwenye kingo na kuzunguka riveti, na chini yake vikatoka vinyuzi vyeupe vinavyotambaa kama minyoo. Pembeni yake vidoti vya kahawia. Kutu! Kwenye alumini!

Ukweli nimeupata wiki iliyopita kwa kijana aliyekuwa anafanya kazi pale, sasa ameondoka. Simlaumu, alitumwa. Mambo yalikwenda hivi.

Kwanza waliosha bodi kwa "dawa ya kutolea mafuta ya injini". Nikamuuliza dawa gani. Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, wameikoroga kwenye ndoo na sabuni ya unga. Wakuu, hata mama zetu wanajua kwamba sufuria ikikaa na majivu na maji inakuwa nyeusi, na ukipikia ukwaju inatakata. Majivu ni alikali. Kostiki ni alikali yenyewe mama yao. Ile ngozi ya oksaidi inavumilia pH, yaani kipimo cha asidi na alikali, ya kama 4 hadi 8 na nusu; kostiki iko juu kabisa huko kwenye 13 au 14. Inayeyusha ngozi, halafu inaanza kula alumini yenyewe huku inatoa mapovu ya haidrojeni. Kijana akaniambia kabisa, "ilikuwa inachemka bosi, tukajua inatoa uchafu". Ilikuwa inachemka bodi yangu! Na ule weusi unaobaki ni vile vitu vingine vilivyochanganywa kwenye aloi, chuma na silikoni, ambavyo kostiki haivili, vinabaki juu kama masizi.

Pili, walipoona imekuwa nyeusi wakaogopa. Badala ya kunipigia simu, wakachukua stilwaya. Ile ya kusugulia masufuria. Stilwaya ni chuma. Inaacha vipande vidogo visivyoonekana, vinajichomeka kwenye alumini laini. Hivyo ndivyo vidoti vya kahawia. Na si kutu ya kuchafua tu: chuma na alumini zikigusana penye maji ya chumvi inakuwa betri, na anayeliwa kwenye hiyo betri ni alumini. Stilwaya iliposhindwa, grainda na diski ya msasa. Kazi ya miezi mitatu imeondoka kwa mchana mmoja.

Tatu, klia ya kuficha. Klia haishiki kwenye alumini iliyong'aa kama kioo. Inataka meno, yaani mikwaruzo, na inataka prima, ile rangi ya kwanza ya kung'ata alumini, chini yake. Na ukishapiga prima ule mng'ao haupo tena. Kwa hiyo ni moja kati ya mawili, kioo au rangi. Ukipuliza klia juu ya alumini tupu, maji ya chumvi yanaingia pale pembeni na penye tundu la riveti, yanakaa chini, hayakauki, yanatambaa. Ndiyo minyoo niliyoiona.

Na kuna la nne ambalo nimeligundua mwenyewe jana, ndilo lililonitoa machozi kweli. Riveti zangu nane za alumini upande wa kulia walizing'oa ili grainda ipite vizuri, wakarudishia skrubu za bati za chuma. Bila washa ya plastiki, bila silanti ya kuzibia maji, bila chochote. Kila skrubu imezungukwa na unga mweupe. Mzee wa Landrova! Mtu aliyefanya Landrova anajua milango yake inaoza wapi: pale alumini inapokutana na fremu ya chuma. Hilo tu ndilo nililomtegemea alijue.

Nimerudi kwake Jumatatu. Kwa heshima, sikupandisha sauti, shemeji yangu alikuwepo ni shahidi. Jibu la kwanza: alumini yako ni feki. La pili: wewe unakaa karibu na bahari, hiyo ni kazi ya Mungu. La tatu, hili nalinukuu kama alivyosema: "Leta nikupigie silva ya Toyota, hakuna mtu atakayejua."

Mimi nitajua, mzee!

Kinachoniuma si kwamba hakujua. Mimi mwenyewe miaka minne iliyopita sikujua. Nilimpa nafasi ya kusema sijui, nilimwekea mezani kabisa, na neno hilo lingekuwa bure kwangu na kwake. Alichokifanya ni kunijaribia juu ya kitu changu, halafu akanifichia chini ya klia, halafu akanitolea risiti.

---

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Mnaosema "mbona ndege hazipakwi rangi na zinang'aa", swali zuri. Ngozi za ndege nyingi za zamani zina utando wa alumini safi uliobandikwa juu ya aloi, na huo ndio unaong'arishwa. Na bado zinaoshwa na kupigwa polishi kila mara na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. American Airlines walikaa na mng'ao huo miaka na miaka, mwaka 2013 nao wakahamia kwenye rangi.

Aliyeandika DeLorean ni alumini: hapana mkuu, ile ni stenlesi.

Kuhusu kuipeleka ikavikwe oksaidi nene kwenye tangi la asidi. Nimefikiria. Inabidi nibomoe bodi yote, vipande viwe vya aloi moja ndipo rangi ilingane, na kabla ya tangi bado lazima ving'arishwe upya. Kwa boneti labda. Kwa gari zima sina moyo huo tena.

Aliyeshauri stika angavu: penye ubapa sawa, lakini mimi nina riveti zaidi ya mia mbili, na kila riveti ni mlango wa maji.

Ninachofanya sasa: klia naibandua kwa dawa ya kubandulia rangi, lakini nimesoma kwanza chupa nikahakikisha haina kostiki, nikajaribu kwenye kipande cha shiti kilichobaki. Jaribuni kwenye kipande, wakuu, hakuna aliyekufa kwa kujaribu kwenye kipande. Skrubu zote zimetoka, riveti za alumini zinarudi na silanti chini yake. Pale fremu inapogusa shiti nimepaka prima ya epoksi na kuweka utepe. Ubavu wa kushoto unaokoka, nimeshaanza na msasa 320. Boneti imeliwa na grainda, nikiibonyeza kwa kidole gumba inaitika. Hiyo ni shiti mpya. Kinga itabaki nta, kila mwezi, na kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi nikitoka kuendesha. Usiku sifuniki na turubai, turubai likilowa linaacha ramani. Nta inachosha, lakini haijawahi kunidanganya.

Mnaouliza kama nitamfikisha mahali: nimepiga picha kila kitu, skrubu nimezitia kwenye mfuko zikiwa na ule unga wake, kijana amekubali kusimama. Namsubiri shemeji arudi safari twende tena mara ya mwisho kiungwana.

Jana saa nne usiku mzee kanitumia meseji. Nilidhani anaomba radhi. "Bosi mambo vipi, ile elfu themanini ya klia lini? Vijana wanasumbua."