Sigara: raha yake inalipa miaka inayokatwa?

Mtoa mada: Wavutaji wana hoja nzito: bora miaka 65 ya raha kuliko 75 ya kujinyima. Mtu mzima anayejua gharama aachwe avute. Tuipime.

Mzani: Gharama ndiyo hii. Mtafiti Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wanaume wa Uingereza kwa miaka 50, kuanzia 1951. Waliovuta bila kuacha walikufa wastani wa miaka 10 mapema kuliko wasiovuta kabisa. Wastani, jamani. Wapo wasiopoteza kitu na wapo waliopoteza zaidi ya 20.

Kijiweni: Sawa mkuu, lakini kinachokatwa ni uzee, ile miaka ya magoti na vidonge. Nani anaililia?

Mzani: Haikatwi mkiani. Mapafu huchakaa mapema, mtu wa miaka 50 anasimama katikati ya ngazi akihema. Mvutaji hauruki uzee, anauwahi.

Kichungi: Mimi naishuku raha yenyewe. Nikotini, kilevi cha kwenye tumbaku, hufika ubongoni ndani ya sekunde 20 hivi, na baada ya saa 2 kama nusu yake imeshatoka kwenye damu. Hapo arosto inaanza: hasira za karibu, akili haitulii. Fegi inayofuata inaondoa kero iliyoletwa na zilizotangulia. Ndiyo maana ya asubuhi ni tamu kuliko zote, deni la usiku kucha linalipwa kwa pafu mbili. Asiyevuta anaamka hadaiwi.

Kijiweni: Na anayenunua moja tu, baada ya chakula? Huyo hana arosto.

Kichungi: Huyo raha yake ni halali, nakubali. Ila moyo hauhesabu hivyo: moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo mvutaji wa 20. Na zile sigara za "laiti", zinazosifiwa kuwa nyepesi, ni kiini macho. Vitundu vya kuzimua moshi viko kwenye kichungi, vidole na midomo huviziba.

Mtoa mada: Aliyekwisha vuta miaka 20 ana cha kuokoa?

Mzani: Kwa madaktari haohao, kuacha ukiwa na umri wa miaka 60 kuliokoa miaka 3 hivi, 50 miaka 6, 40 miaka 9, 30 karibu yote. Anayetumia bigijii ya nikotini ili aache achukue ya miligramu 4 kama huwasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 tangu aamke, vinginevyo 2. Tafuna taratibu hadi mdomo uwashwe, ibane kati ya shavu na fizi, muwasho ukipoa tafuna tena, nusu saa hivi. Wengi huitafuna mfululizo, nikotini inamezwa, wanapata kwikwi na kiungulia, kisha wanasema haifanyi kazi. Kahawa na soda ziepukwe dakika 15 kabla, asidi yake huzuia nikotini kupenya mdomoni.