Mjadala: Ukali wa Linus Torvalds uliijenga Linux au ulifukuza watu?

Mleta mada: Wakuu, leo tubishane kwa hoja kuhusu Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux na mwenye neno la mwisho kwenye kerneli yake (kiini cha mfumo wa kompyuta, kinachoziwezesha programu kutumia mashine). Desemba 2012 Mauro Carvalho Chehab, msimamizi wa sehemu ya video kwenye kerneli ya Linux, alitetea badiliko lililovuruga programu za watumiaji, akadai kosa ni la programu zenyewe. Linus akamtukana hadharani kwa herufi kubwa na kumwamuru anyamaze: kerneli haivunji programu za watumiaji, basi! Kwangu mimi sheria ile ilikuwa sahihi, na ndiyo iliyofanya Linux iaminike. Matusi hayakuongeza kitu.

Mchangiaji 1: Mkuu, hujawahi kusimamia watu wewe. Ukianza kumbembeleza kila anayeleta msimbo mbovu, toleo halitoki. Mauro mwenyewe hakuondoka, ameendelea na usimamizi miaka mingi baada ya hapo. Na hiyo Android uliyoshika mkononi inaendeshwa na kerneli hiyohiyo ya mkali.

Mchangiaji 2: Aliyebaki mnamtaja, aliyeondoka je? Sage Sharp alikuwa msimamizi wa USB 3.0 kwenye kerneli, si mwanafunzi. Mwaka 2013 alimkabili Linus waziwazi, na 2015 akatangaza kwamba ameachana na kerneli. Hakuomba kubembelezwa. Alitaka kazi ikosolewe bila huruma, ila mwenye kazi aheshimiwe. Na wale waliosoma majibizano yale wakaamua wasijiunge kabisa, hao nani atawahesabu?

Mleta mada: Ndipo ninapotaka tufike. Septemba 2018 Linus aliomba radhi, akakaa pembeni kwa wiki chache, kanuni za maadili zikapitishwa. Je, kerneli ililegea? Februari 2025 Christoph Hellwig alipopinga msimbo ulioandikwa kwa Rust (lugha ya kuandikia programu) na uliotumia sehemu ya kerneli aliyoisimamia, Linus alimjibu kwamba halazimishwi kuigusa Rust, ila hana mamlaka ya kuwapangia wengine namna ya kutumia msimbo wake. Hakuna tusi hapo, na bado hakumwachia upenyo.

Mchangiaji 1: Umeruka kipande. Mwezi huohuo Linus alimwambia Hector Martin wa Asahi (mradi wa kuiweka Linux kwenye kompyuta za Apple) akubali kwamba pengine tatizo ni yeye. Hakutukana, lakini jamaa alijiuzulu! Halafu hizo kanuni zenu: Novemba 2024 Kent Overstreet alifungiwa kuingiza kazi yake ya bcachefs (mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski) kwenye toleo la 6.13 la kerneli kwa sababu ya lugha aliyomtolea mwenzake. Mtu aliyehifadhi mafaili yake kwenye bcachefs, anasubiri marekebisho, yeye alimtukana nani?

Mleta mada: Kwa Hector nakubali, maneno safi nayo yanachoma. Kwa Kent sikubali. Aliyemponza mtumiaji ni msimamizi mmoja aliyeshika kazi yote peke yake. Wangekuwa wawili, mmoja angefungiwa na marekebisho yangeendelea kuingia.

Mchangiaji 2: Haya, huyo wa pili angetoka wapi, kama kufanya kazi na wa kwanza ni vita kila siku?