Ushauri: Abisko hadi Nikkaluokta kwa siku 5, ski au viatu vya theluji?

Mwana wa Kirua

Habari za jioni wakuu. Niko Uppsala, Sweden, mwaka wa 3 sasa, nasoma. Mimi na wenzangu wawili, mmoja Mkenya na mmoja Mswidi, tunataka kwenda kaskazini kupita Kungsleden, yaani Njia ya Mfalme, kipande cha Abisko hadi Nikkaluokta. Kilomita nimezijumlisha kibanda kwa kibanda, vile vya kulala wasafiri njiani: Abisko hadi Abiskojaure 15, Alesjaure 20, Tjäktja 13, Sälka 12, Singi 12, kituo cha Kebnekaise 14, Nikkaluokta 19. Jumla 105. Kwa siku 5 ni 21 kwa siku, na miguu ninayo. Treni ya usiku kutoka Stockholm wiki ya mwisho ya Februari, na Jumatatu inayofuata nina mtihani.

Uzoefu wangu: nilipanda Kilimanjaro 2019 kwa njia ya Marangu, nikafika Uhuru. Ski, vile vibao virefu vya kuteleza juu ya theluji, nimejaribu mara nne, kwenye njia zilizotengenezwa hapa mjini. Mkenya hajawahi kabisa, ndiyo maana tunafikiria kukodi viatu vya theluji, vile vipana kama ungo vinavyofungwa chini ya buti. Mswidi ana ski tangu utotoni ila hajawahi kulala milimani majira ya baridi.

Ski au viatu vya theluji? Tubebe hema au vibanda vinatosha? Na nguo nilizopandia Kilimanjaro zitafaa? Naomba msinifiche kitu. Mama yuko nyumbani ana wasiwasi, nataka nimjibu kwa ukweli.

Mama Neema

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukata tiketi. Nipo Luleå, huku kaskazini mwa Sweden, miaka 14, na njia hiyo nimeipita mara mbili kwa ski, mara moja Februari na mara moja Aprili. Ilikuwa kama nimepita nchi mbili tofauti.

Hesabu yako ya kilomita ni sahihi, ila umeihesabu njia kana kwamba hakuna upepo. Sisi tuliokulia kwenye joto tunaogopa namba ya kipimajoto. Nyuzi 10 chini ya sifuri bila upepo unavua kofia kwa raha. Nyuzi hizohizo na upepo wa mita 10 kwa sekunde, ngozi iliyo wazi inapoa kama iko kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Na upepo wa mita 10 kule si habari ya kumsimulia mtu. Ukipanda zaidi theluji inaruka, mbingu na ardhi vinakuwa rangi moja. Njia ya baridi ina nguzo zenye misalaba myekundu. Mwaka ule wa Februari, juu ya Alesjaure, nilisimama nimeushika msalaba mmoja kwa mkono na unaofuata sikuuona. Mwenzangu akatangulia hatua kadhaa mpaka alipouona, akainua fimbo, ndipo nami nikasogea. Kilomita 3 zilitula saa tatu. Tukageuka, tukarudi kibandani tulikolala.

Waswidi wana tukio ambalo hawajalisahau. Februari 1978, milima ya Anaris kule Jämtland, kundi la watu 9 lilinaswa na dhoruba. Wakafa 8. Siwatishi. Nataka mjue kwamba upepo unaweza kuwaua watu wazima wenye vifaa vyao.

Kwa hiyo: koleo la theluji kwa kila mtu, halafu mfuko wa upepo, ule mkubwa ambao watu watatu wanaingia pamoja na kukaa ndani migongo ikielekea upepo. Uwe juu kabisa ya begi. Na mkiona hali inaharibika, chimbeni mapema mkiwa bado na nguvu na vidole vinafanya kazi. Mtu aliyechoka kabisa hachimbi.

Sasa siku 5 za kutembea na mtihani Jumatatu. Hapo ndipo naona hatari yenu ilipo, kuliko hata Tjäktja, ambako njia inapita juu kuliko kwingine kote. Mtu mwenye mtihani Jumatatu atatoka kibandani Ijumaa hata kama mhudumu wa kibanda amemwambia asitoke.

Mpagazi Mstaafu

Mwana wa Kirua, salamu kutoka Moshi. Sweden sijafika, ila nimebebea wageni mizigo kwa miaka mingi na baridi ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, naijua.

Kilimanjaro isikudanganye. Kule ulikuwa na usiku mmoja wa baridi kali. Unaamshwa saa tano, saa sita unaanza kupanda, jua likichomoza mwili unafunguka, na mchana uko njiani kushuka kambi ya Horombo. Nguo zikilowa jasho haidhuru, unashuka kwenye joto. Huko unakoenda baridi haishuki na wewe, kesho yake ipo palepale. Halafu mizigo, chakula na maji tulibeba sisi. Safari hii mpagazi ni wewe.

Nguo za Kibo zinafaa zikiwa ni sufu au zile za kukauka haraka. Fulana ya pamba iache Uppsala, ikilowa haikauki. Ukianza kutembea uhisi kibaridi kidogo, ukihisi joto umeshavaa kupita kiasi. Jaketi nene usitembee nalo, ni la kusimamia. Ukisimama tu, livae kabla hujatafuta chupa ya chai. Glavu jozi tatu: nyembamba, nene, na jozi ya akiba kavu kifuani. Nimeona mgeni akivua glavu apige picha, upepo ukaichukua mbele ya macho yake.

Baraka wa Bukavu

Ndugu, niko Umeå. Nijibu la viatu na chakula.

Viatu vya theluji kwa asiyejua ski ni salama zaidi kwenye mteremko, ila ni vya polepole. Weka kilomita 2 na nusu kwa saa na mzigo. Zile 20 za kwenda Alesjaure ni saa nane bila kupumzika. Na msichanganye, wawili na viatu na mmoja na ski. Mwenye ski ataganda akiwasubiri, ninyi mtaua miguu mkimfuata.

Mimi mwaka wa kwanza nilikodi buti dukani, zikawa za kubana kidogo, nikaona aibu kurudi kubadilisha. Siku ya pili kidole kikubwa cha kushoto kikawa cheupe kama nta na sikukisikia. Mwenzangu alifungua jaketi lake, akaweka mguu wangu mtupu tumboni kwake mpaka maumivu yaliporudi. Kidole kilipona, ila mpaka leo baridi ikija kinaanza chenyewe. Buti ziwe na nafasi ya soksi nene na vidole kucheza.

Hema kwa mara ya kwanza hapana. Ndani ya hifadhi ya Abisko hata huruhusiwi kupiga popote utakapo. Laleni vibandani, wekeni nafasi mapema. Kuna magodoro, jiko la gesi, jiko la kuni. Umeme hakuna. Kazi mnagawana na wageni wengine: kupasua kuni, kumwaga maji machafu, kuchota maji kwenye tundu la barafu. Lile tundu mkishachota mlifunike tena vizuri, la sivyo anayekuja alfajiri anaanza kuvunja upya.

Maduka madogo yapo Abiskojaure, Alesjaure na Sälka, ila bei ni ya mlimani. Bebeni unga wa sembe na dagaa wakavu. Ni vyepesi, ugali unaiva upesi na unashiba kweli. Njiani karanga na kashata, zikatwe vipande vidogo mkiwa nyumbani na zikae mfuko wa ndani. Kashata iliyolala kwenye begi nje inavunja jino.

Mwana wa Kirua

Asanteni sana wakuu. Nimewasomea wenzangu, Mkenya amekaa kimya muda mrefu. Mama Neema, tukisogeza hadi mwisho wa Machi baada ya mtihani, njia yote inawezekana? Na suala la maporomoko ya theluji?

Mama Neema

Mwisho wa Machi ni bora mara nyingi. Mchana unapita masaa 12, jua lina nguvu, na watu ni wengi njiani. Dhoruba bado zinakuja.

Njia yote msiende. Kwa ninyi watatu ningefanya hivi. Siku ya kwanza Abisko hadi Abiskojaure, kilomita 15, sehemu kubwa ni msitu wa miti ya birch iliyo chini bondeni, upepo unapungua. Siku ya pili msihame. Tokeni na mabegi mepesi mfuate misalaba ya kwenda Alesjaure kwa saa mbili, mrudi. Hapo mtajua miguu ya nani ina malengelenge na nani hajui kufunga viatu akiwa na glavu. Siku ya tatu hali ikiwa nzuri na mhudumu akikubali, nendeni Alesjaure. Ya nne mlale hukohuko, ni akiba. Ya tano na ya sita mnarudi mlikotoka. Njia mliyoiona mkienda haiwapotezi mkirudi. Hali ikiwa mbaya, mnabaki Abiskojaure, kuna sauna, na hakuna mliyempoteza.

Maporomoko: yanaanzia zaidi kwenye miteremko mikali, yenye mwinamo wa nyuzi 30 kwenda juu, na yanaweza kuwafikia walio chini yake. Tazameni lavinprognoser.se, tovuti ya utabiri wa maporomoko, kila siku kabla ya kutoka Abisko, kipimo cha hatari ni 1 hadi 5, na 5 ndiyo mbaya kabisa. Msiache misalaba kukata njia ya mkato, hata kwenye maziwa, kwa sababu mto unapoingia au kutoka ziwani barafu huwa nyembamba. Simu haishiki sehemu kubwa ya njia, ingawa vibandani kuna simu ya dharura. Kodini kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti.

Mwana wa Kirua

Tumekubaliana. Mwisho wa Machi, Abisko–Alesjaure na kurudi, wote watatu kwa viatu vya theluji, Mswidi pia. Kabla ya hapo wikendi mbili za mazoezi na mabegi yenye uzito kamili, na buti nitazijaribu dukani na soksi zote. Mama nimemsomea mpango kwa simu. Ameuliza kitu kimoja tu, nani atajua msiporudi.

Mama Neema

Mwambie mimi. Nitumie faraghani tarehe, majina yenu, rangi za majaketi na vibanda mtakavyolala kila usiku. Siku ya sita nasubiri ujumbe kutoka Abisko hadi saa tatu usiku. Usipofika napiga kwanza kituo cha Abisko waulize vibandani, na wasipowaona napiga 112, namba ya dharura. Kwa hiyo mkifika, ujumbe kwanza, kuoga baadaye.