Mjadala: Daktari mpya wa theolojia akishafika Dodoma, tumwache darasani au tumpe ofisi?

Mzee wa Ipagala (mwanzisha mada)

Wapendwa, Bwana asifiwe. Mbukwenyi.

Chuo kimoja cha theolojia huku kwetu, jina tuliache, kimepokea walimu wapya watatu wenye udaktari: Watanzania wawili waliotoka masomoni na mmisionari mmoja wa Australia. Tangu Jumapili gumzo nje ya kanisa ni hilohilo, eti kwa nini mpaka leo tunaletewa Mzungu. Mimi Mzungu hanisumbui. Kinachonisumbua ni viti vya ofisi vinavyowasubiri hao wawili wengine.

Tazameni tunavyofanya. Kanisa linamtafutia ufadhili kijana mwenye akili, anakwenda kuhangaika na Kiebrania na Kigiriki miaka kadhaa, mke na watoto wako Area C wanamsubiri. Anarudi daktari. Hajamaliza hata kuzoea darasa, kapewa ukuu wa chuo. Mara ni katibu wa dayosisi. Ikipita sinodi moja au mbili, yaani mikutano mikuu ya dayosisi, jina lake liko kwenye kura ya uaskofu. Kiebrania kinabaki kabatini, somo la Agano la Kale anarudishiwa mmisionari, halafu sisi haohao tunauliza kwa nini Mzungu!

Zamani sawa. Dayosisi ya Central Tanganyika ilianza 1927 chini ya Askofu George Chambers, Mwaustralia, na Waanglikana wa Tanganyika hawakupata askofu Mwafrika hadi Yohana Omari mwaka 1955. Kila msomi alihitajika kila mahali. Leo tuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana pale ilipokuwa shule ya Mazengo, kipo tangu 2007, na Tume ya Vyuo Vikuu ikija kukagua haihesabu maaskofu, inahesabu walimu.

Hoja yangu: daktari mpya asiguswe na cheo cha ofisini kwa miaka 10. Afundishe, aandike, Jumapili aende mtaani na wanafunzi. Basi.

Mama wa Nala

Kaka, unampangia mtu maisha na mshahara hujautaja. Mtaa wetu wa kanisa mwaka wa ukame sadaka ni debe za uwele na kuku wa kunadisha baada ya ibada. Likitoka fungu la dayosisi, mwinjilisti mwenyewe anabaki na pole. Sasa mwalimu ambaye mshahara wake unachelewa, akiitwa kwenye ofisi yenye nyumba na gari, wewe unataka akatae?

Mmisionari analipwa na makanisa ya kwao. Chuo kinampa nyumba na kumhangaikia vibali, kwa hiyo bodi inampenda kwa sababu ni mwalimu wa bure. Ila watoto wake wakikua wanarudi kwao wote, na siku hiyo ndiyo chuo kinagundua kwamba nafasi yake haikuwahi kuwa na fungu kwenye bajeti.

Mwanafunzi mwaka wa pili

Shikamooni wazazi. Naomba niseme kama mlaji wa hicho mnachopikiana.

Waraka kwa Warumi tulisomeshwa kwa Kiingereza, vizuri tu. Shida ni Jumapili. Nilipelekwa kijiji kimoja cha Chamwino, wazee wameimba Kigogo kwa zeze mpaka nywele zimenisimama, kisha nikasimama kueleza kuhesabiwa haki kwa imani. Bibi wa mbele akasinzia. Mwalimu wetu mmoja Mtanzania alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, kimya. Tulipoandaliwa ugali wa uwele na mlenda, akaanza kunirudisha sentensi moja moja: hii ulimwambia nani? hii kwa Kigogo ungeisemaje? Mlenda uliningʼinia mkononi sijui nijibu nini. Nilijifunza pale kuliko muhula mzima.

Mwaka huu kapewa ofisi. Vijijini haji tena.

Kasisi mstaafu

Mzee wa Ipagala, nakuheshimu ila hapo sikubali. Mafuta ya upako na maji ya baraka yanauzwa mpaka milangoni petu, na waumini wetu wanunuzi wazuri. Nani atasimama kusema hapana kama askofu mwenyewe hajasoma? Unataka wasomi wote uwafungie chuoni, sisi tubaki na wapiga kelele. Tena sinodi ikimwita mtu, wewe na miaka yako 10 utaizuia kwa kanuni ipi?

Mzee wa Ipagala

Baba Kasisi, askofu msomi namtaka sana. Lakini dayosisi ikimchukua daktari wa chuo, igharamie kwanza wa kushika somo lake. Mkimwita bila kuleta mwingine, mmebomoa jikoni ili kujenga sebule. Kwa hiyo miaka 10 naiachia, sharti la mbadala siliachii.

Mama wa Nala, fedha ya uwele siigusi. Ila tangu Serikali ianze kuhamia hapa 2016, parishi za mjini zimejaa watumishi na vikapu vimekuwa vizito, tusidanganyane. Gari la askofu tulichangishana na likapatikana. Parishi za mjini zitoe sadaka ya Jumapili moja kila mwaka kwa mshahara wa mwalimu wa Agano la Kale, kwenye akaunti yake, isichanganywe na ukarabati wa ofisi.

Aliye kwenye kamati ya fedha anijibu hapa: hoja hiyo inaingiaje kwenye ajenda ya sinodi, na nani anatakiwa kuisaini?