Mayonizi yangu inakatika kila nikitengeneza, naombeni msaada kabla ya Ijumaa

MamaWawili: Habari za jioni wakuu. Natengeneza mayonizi nyumbani. Naweka mayai, siki, chumvi na haradali kidogo kwenye blenda, nawasha, namimina mafuta ya alizeti. Inaanza vizuri, inakuwa nyeupe na nzito, halafu ghafla inakatika: mafuta yanapanda juu, chini vinabaki vimaji vya njano. Mafuta yenyewe bei yake mnaijua. Nahitaji niwe nimeipatia kabla ya Ijumaa. Natanguliza shukrani.

KisuKikali: Unamimina kwa pupa. Kwenye kiini kuna lesithini, ndiyo inayoshikanisha mafuta na maji yasiachane. Mafuta yakiingia mengi kwa mara moja, inazidiwa. Anza tone kwa tone, ukiona imeshika ndipo umimine kama uzi mwembamba. Kiini kimoja kinabeba kama mililita 200 za mafuta bila shida. Ukitaka kuzidisha, ongeza kijiko cha maji au siki, maana mara nyingi kinachopungua ni maji, siyo yai. Mayai ya friji yatoe mapema, ubaridi uishe.

Na iliyokatika usimwage. Weka kiini kipya kwenye bakuli safi, kijiko cha chai cha maji, rudisha ile iliyokatika kidogo kidogo huku unapiga. Itashika.

BabuTandika: Mwanangu, mafuta yote hayo mwilini ya nini? Watu wanalia presha kila kona. Muhogo na kachumbari yenye ndimu na pilipili, unashiba, unalala vizuri. Kama lazima, nunua chupa moja dukani.

DadaMuscat: Umenikumbusha mbali. Nilipokuwa napika kwenye nyumba ya watu Muscat, mama mwenye nyumba hakutaka kabisa mayai mabichi. Tulikuwa tunatengeneza toumu, ile ya Walebanoni inayowekwa kwenye shawarma. Ni kitunguu saumu, chumvi, ndimu na mafuta tu. Kila punje unaipasua katikati na kutoa kile kichipukizi cha kijani, la sivyo inakuwa chungu. Unasaga saumu na chumvi hadi ilainike kabisa, ndipo unapokezanya mafuta na ndimu, taratibu. Inatoka nyeupe pee. Yule binti yao mdogo alikuwa anaila na mkate mkavu jikoni nikiwa naosha vyombo. Sasa kaolewa, na bado huwa ananitumia salamu.

NgosheWaKitaa: Ijumaa mkwe anakuja nini? Mpikie pilau dada, hakuna mtu anayefunga safari kufuata mayonizi.

MaabaraMbeya: Dada, hujasema unatengeneza kiasi gani, ya nani, na itakaa wapi. Jibu linategemea hayo.

MamaWawili: Ni ya kula tu jamani. Mimi nimeuliza kwa nini inakatika.

MaabaraMbeya: Kula nani? Ya nyumbani haina mwisho wa Ijumaa.

MamaWawili: Haya. Kuna kaka ana vijiwe vya chipsi, tumekubaliana nimpelekee ndoo ya lita 10 kila Ijumaa. Kianzio kashanipa, chupa za kubinya nimenunua na lebo zimeshachapwa, kwa hiyo msiniambie niache. Kijiweni inakaa mezani pamoja na tomato, nani ana friji barabarani? Mayai nachukua yale yenye nyufa, trei inashuka bei. Ganda likipasuka yai la ndani si lilelile? Na siki ipo humo, inaua wadudu. Sikutaka kusema mwanzo kwa sababu nilijua mtanihukumu badala ya kunisaidia.

MaabaraMbeya: Yai lenye ufa siyo lilelile. Ganda ndiyo ukuta wake. Ukipasuka, uchafu wa juu, kinyesi cha kuku kikiwemo, unapenya ndani, na salmonela, bakteria wa kuharisha, anaingia hapo. Halafu wewe humpiki huyo mdudu, unamsambaza ndani ya lita 10. Anayekula anaweza asiumwe siku hiyo, dalili huanza kati ya saa 6 na siku 6, kwa hiyo hamtajua kamwe kuwa ni mayonizi yako. Kwa mtoto mdogo, mjamzito au mzee, kuhara huko kunaweza kumuua.

Siki inasaidia ikiwa ya kutosha. Pima pH, kile kipimo cha uchachu, isizidi 4.1. Vijiko viwili vya kukisia kwenye ndoo haviui kitu.

JichoLaMwewe: Wakuu, hii ni chai, stori ya kutunga. Nimepitia nyuzi zake za nyuma: mwezi uliopita akaunti hii hii ilikuwa dereva wa bodaboda anayetafuta pistoni. Leo ni mama mwenye kiwanda. Halafu nani anachapa lebo kabla bidhaa haijashika?

NgosheWaKitaa: Aaah, nami nilishaanza kumhurumia. Sukari iongezwe wakuu.

DadaMuscat: Kwa hiyo nimeeleza toumu yote ile bure?

MamaWawili: Akaunti ni ya baba watoto, simu tuliyonayo ni moja. Bodaboda ni yeye. Lebo alichapa rafiki yake kwa bei ya chini kwa kuwa alikuwa na kazi nyingine kwenye mashine. Picha hiyo hapo, nimefunika jina.

JichoLaMwewe: Lebo imeandikwa "mayai ya kienyeji".

KisuKikali: Mimi naangalia sufuria iliyo nyuma ya lebo. Hivyo ni viini vimeshavunjwa. Tangu saa ngapi?

MamaWawili: Mchana. Nilitaka kesho nisichelewe.

MaabaraMbeya: Mwaga hivyo viini, tafadhali. Iwe chai au siyo chai, wanaosoma hapa na kutengeneza hivi hivi wapo, kwa hiyo namalizia. Nunua mayai mazima. Viini, siki na maji kidogo weka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, koroga bila kuacha hadi kipimajoto kisome nyuzi 71. Toa hapo hapo, endelea kukoroga hadi ipoe, ndipo uanze mafuta. Tengeneza kidogo, kijiweni iende kwenye deli lenye barafu.

Na kama ni biashara, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza wakuelekeze. Usajili wa vyakula ulihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa.

MamaWawili: Barafu kila siku, kipimajoto, mayai mazima, faida inabaki wapi? Basi nifanye hiyo toumu, haina yai.

MaabaraMbeya: Toumu nayo isikae kwenye joto. Saumu mbichi ndani ya mafuta, ndimu ikipungua, inaweza kutengeneza sumu ya botulinamu, na hiyo haina harufu wala ladha ya kukushtua. Barafu iko palepale.

KisuKikali: Kipimajoto tafuta Kariakoo, maduka ya vifaa vya keki. Kinunue kabla ya trei nyingine.

BabuTandika: Mwanangu, hivyo vijiwe viko wapi? Wajukuu zangu jioni ni chipsi tu.

MamaWawili: Kimoja kipo huko huko Tandika, babu. Ijumaa hii sipeleki. Nimempigia sasa hivi, kakasirika, anataka kianzio chake kesho asubuhi, na nusu yake imeshaingia kwenye chupa.